Kelele za umeme kwenye kebo ya mtandao: anza na ncha, si na ukuta

Intaneti inakatika kila pampu ya maji inapowaka. Faili linakwama njiani kati ya kompyuta mbili za nyumba moja. Kamera ya getini inapotea jioni, taa zikishawashwa. Neno la kwanza kwa wengi ni kwamba umeme unaingilia kebo, na wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi kosa liko kwenye sentimita mbili za mwisho, pale nyaya zilipoingizwa kwenye kichwa cha RJ45, na umeme unasingiziwa tu. Ndiyo maana kazi hii inafaa ianze na visivyogharimu kitu: kupima, kukagua ncha, kusogeza kebo, kumtafuta mpiga kelele. Kebo yenye ngao, yaani iliyozungushiwa foili ya chuma ndani ya ganda, inakuja mwisho kabisa, na nyumba nyingi hazifiki huko.

Kwa nini kebo hizi zinastahimili kiasi kile? Ndani mna nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili. Ishara husafiri kama tofauti ya volti kati ya waya na mwenzake: mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Kelele ya nje huzikuta zote mbili kwa kiasi karibu sawa, na kwa kuwa kifaa kinachopokea kinasoma tofauti peke yake, kelele hiyo inajifuta. Kazi ya msokoto ni kuhakikisha kwamba nyaya zote mbili zimeonja kelele ileile. Ukifungua msokoto, umevunja kinga. Tena kila jozi imesokotwa kwa kasi yake, ili jozi zisipigiane kelele zenyewe kwa zenyewe.

Umeme wa ukutani wenyewe, ule wa 50 Hz, hauna nguvu nyingi hapa. Uko chini sana ya masafa yanayotumiwa na mtandao, na kila tundu la mtandao kwenye ruta au kompyuta lina transfoma ndogo ndani yake inayouzuia. Wanaoudhi ni wengine: mshtuko wa ghafla mota ya pampu au friji inapowaka na kuzima, cheche kwenye soketi iliyolegea, na vifaa vinavyokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, yaani taa za LED za bei ya chini, chaja za simu zisizo na jina, na inveta.

Pima kabla ya kugusa chochote

Kwanza badilisha ile kebo fupi ya kutoka ukutani hadi kwenye kompyuta. Weka nyingine ya kiwandani unayojua ni nzima. Kazi ya nusu dakika, na matatizo mengi yanaishia hapo.

Kisha tazama kasi ambayo vifaa viwili vimekubaliana. Kwenye Windows fungua PowerShell, andika:

Get-NetAdapter

Kwenye Linux, ukiweka jina la kadi yako ya mtandao badala ya enp3s0:

ethtool enp3s0

Ukikuta 100 Mbps mahali ambapo pande zote mbili ni za gigabiti, yaani 1000 Mbps, usihangaike na umeme kwanza. Mtandao wa 100 Mbps unatumia jozi mbili tu, ya pini 1 na 2 na ya pini 3 na 6. Gigabiti inataka zote nne. Kushuka hadi 100 karibu kila mara kunamaanisha waya mmoja wa jozi ya 4 na 5 au ya 7 na 8 umekatika au haujagusa.

Sasa hesabu makosa. Kila fungu la data hubeba namba ya kujihakiki mkiani mwake. Likiharibiwa njiani, namba haikubali, fungu linatupwa na kaunta inaongezeka. Kwenye Windows andika netstat -e usome mstari wa Errors. Kwenye Linux:

ethtool -S enp3s0 | grep -i crc

Kwenye ruta ya MikroTik ni /interface ethernet print stats, kisha tafuta rx-fcs-error. Usitegemee ping peke yake, maana inatuma vifungu vichache vidogo, na kelele fupi inapita katikati yao bila kugusa hata kimoja. Ipe kebo mzigo wa kweli kwa iperf3, programu ya kusukuma data mfululizo kati ya kompyuta mbili. Kompyuta moja:

iperf3 -s

Nyingine, kwa anwani ya ile ya kwanza:

iperf3 -c 192.168.1.10 -t 300

Gigabiti nzima huonyesha karibu 940 Mbps, na kaunta ya makosa ikabaki sifuri kwa dakika zote tano. Mzigo ukiwa unaendelea, mwambie mtu awashe pampu, kisha aizime. Kisha friji, kisha mashine ya kufulia, kisha taa za sebuleni. Kimoja kimoja, na uandike saa.

Majibu yanasomeka hivi. Makosa yakipanda taratibu hata vitu vyote vikiwa vimezimwa, kosa ni la kebo au la ncha zake. Yakiruka mara moja pampu inaposhtuka kisha yakatulia, hiyo ni kelele ya mshtuko. Yakipanda mfululizo tangu taa fulani iwashwe hadi izimwe, mtuhumiwa umeshamshika. Na kama kiungo kizima kinazimika na kuwaka, taa ya tundu la ruta ikifa sekunde mbili tatu, angalia kwanza umeme wa ruta yenyewe: pampu ikiwaka volti za nyumba hushuka, na adapta dhaifu ya ruta haivumilii. Hapo kebo haina hatia.

Kebo yenyewe: shaba au alumini iliyopakwa rangi?

Madukani zimejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba juu, zenye maandishi ya daraja la Cat6 kama zile halali. Zina ukinzani mkubwa zaidi, kwa hiyo ishara inafika imedhoofika, na kelele ambayo kebo ya shaba ingeipuuza inaanza kuuma. Vilevile alumini huvunjika ndani ya kichwa ikikunjwa mara chache, na kwa kamera zinazopata umeme kupitia kebo hiyohiyo, volti zinapotea njiani.

Kwangua waya mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi katikati; alumini inaonekana nyeupe. Kipimo cha uhakika zaidi ni cha multimita. Unganisha nyaya mbili za jozi moja upande mmoja, pima ukinzani upande wa pili. Kwa boksi zima la mita 305 la Cat5e ya shaba, utapata takriban omu 50 hadi 57. Cat6 yenye waya mnene zaidi inakuwa chini ya hapo. Ukisoma 80 na kuendelea, umeuziwa alumini. Kwa kipande cha mita 20 kilichokwisha kulazwa, tarajia kati ya 3.4 na 3.8, baada ya kutoa ukinzani wa nyaya za multimita yenyewe.

Na usilipie daraja usilolihitaji. Cat5e ya shaba halisi inabeba gigabiti hadi mita 100. Cat6 inafaa kama unajenga upya na unataka nafasi ya kukua. Kebo bapa nyembamba zile za kupitisha chini ya zulia zina nyaya nyembamba mno na msokoto usioaminika. Mita mbili si neno, mita 20 karibu na nyaya za umeme ni kujitafutia.

Ncha, ambapo ugonjwa mwingi unakaa

Mpangilio wa kawaida wa rangi, uitwao T568B, ukishika kichwa pini zikiwa juu na kidoleo (kile kibanio cha kufungia tunduni) kikiwa chini, tundu la kebo likiwa upande wako, kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tazama kilichofanyika katikati: jozi ya kijani imetanuliwa, imeikumbatia ya buluu. Haionekani nadhifu, na hapo ndipo mtu anapoamua kupanga rangi kwa utaratibu wake, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu na mwenzake, kahawia na mwenzake, mradi pande zote mbili zifanane.

Testa ya taa nane itampongeza. Moja hadi nane zinawaka kwa zamu. Lakini kifaa kinatuma jozi yake ya pili kwenye pini 3 na 6, na kwenye kebo hii pini 3 ni nyeupe-kijani na 6 ni buluu, nyaya ambazo hazikusokotwa pamoja hata kidogo. Msokoto umekuwa wa bure: kila kelele inaingia, na jozi ya kijani na ya buluu zinapigiana kelele njia nzima. Kwa mita tatu kebo hii inaweza kupitisha 100 Mbps bila lawama. Kwa mita 15 inaleta makosa, hasa mota ikiwaka, na hapo watu huanza kuhamisha nyaya za umeme. Testa ndogo hailioni kosa hili kwa sababu inapima kama shaba imefika tu, haipimi imefika na nani. Liangalie kwa macho kupitia plastiki angavu ya kichwa, pande zote mbili, kabla ya jambo lingine lolote.

Kukata kichwa upya kunataka uvumilivu wa dakika tatu. Chuna ganda la nje sentimita 3 hivi, bila kugusa nyaya za ndani. Waya uliotiwa alama ya kisu utavunjika baadaye, kwa hiyo ukiona alama kata uanze tena. Fungua msokoto, panga rangi, zinyooshe kwa vidole, kisha kata zote kwa mkupuo mmoja zibaki milimita 13 kutoka kwenye ganda. Hizo 13 ndizo kiwango cha juu cha nyaya kukaa bila msokoto. Sukuma ndani hadi uone shaba ya nyaya zote nane imegusa ukuta wa mbele wa kichwa, na ganda la nje limeingia ndani vya kutosha ili ule ulimi wa plastiki ulibane ganda, sio nyaya tupu. Ndipo ubane kwa koleo lake, kwa nguvu, mara moja. Kichwa ambacho nyaya za rangi zinachungulia nje nyuma yake ni kibaya hata kama kinafanya kazi leo.

Vichwa navyo vina aina. Meno ya vingine yametengenezwa kwa waya mmoja mgumu, ya vingine kwa waya wa nyuzi nyingi wa kebo laini. Ukichanganya, jino linakaa kando ya waya badala ya kuushika, na mguso unakuja na kuondoka kwa joto na mtikisiko. Kwa kebo ya ukutani, dawa ya kudumu ni kuacha vichwa kabisa: malizia kwenye soketi ya mtandao ya ukutani kwa chombo chake cha kugongea, msokoto ukifika hadi mlangoni pa kila mwanya, kisha tumia kebo fupi ya kiwandani kutoka hapo.

Njia ya kebo

Kebo ya mtandao isiingie kamwe kwenye bomba au mfereji mmoja na nyaya za umeme. Kabla ya kelele, hapo kuna usalama: ganda lake halikutengenezwa kuhimili 230 V, na panya mmoja akitafuna pande zote mbili, umeme unatembea hadi kwenye kompyuta ya mtoto. Kama mfereji ni mmoja tu, uwe ule wenye kizuizi katikati.

Zikienda sambamba ukutani, acha sentimita 20 kutoka kwenye nyaya za taa na soketi, na 30 kutoka kwenye za pampu, kiyoyozi na hita ya maji ya bafuni. Acha 30 pia kwenye taa za mirija za zamani zenye choki. Mahali pa kukutana, zivuke kwa pembe mraba, na hapo hata sentimita chache zinatosha, kwa kuwa zinaonana kwa kipande kidogo sana. Kinachohesabika ni umbali pamoja na urefu wa kusafiri sambamba. Mita moja kwa umbali wa sentimita 5 ni jambo dogo. Mita 25 kwa umbali huohuo ni jambo jingine.

Kuna sababu nyingine ya kutosogea karibu. Laivu na nyutro zikilala pamoja, sumaku za mikondo yao zinapingana, na ukiongeza umbali mara mbili kelele inashuka karibu mara nne. Lakini fundi akiazima nyutro ya saketi nyingine, au akipitisha laivu njia hii na nyutro njia ile kwenye swichi za ngazi, mikondo haipingani tena. Hapo ukiongeza umbali mara mbili unapunguza nusu tu. Nyumba ambayo kelele haiishi hata kebo ikisogezwa mbali ina sifa hii mara kwa mara. Kurekebisha ni kazi ya fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na si ya kujaribia.

Wakati wa kulaza: usivute kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 11, msokoto unanyooka ndani bila wewe kuona. Kona iwe na nusu kipenyo kisichopungua mara nne ya unene wa kebo. Kwa kebo ya milimita 6, ipinde kana kwamba inazunguka kikombe cha kahawa ya barazani. Vibano vya plastiki visikazwe mpaka ganda libonyee, na stepu za chuma za kupigwa nyundo ziache kabisa. Ukanda wa velkro unatosha. Sehemu iliyobonyea inarudisha nyuma kiasi cha ishara, na hilo nalo linahesabika kama kelele. Nje ya nyumba tumia kebo yenye ganda jeusi la kuhimili jua. Ile ya kijivu ya ndani inapasuka.

Kumtafuta mpiga kelele

Redio ndogo ya betri yenye mawimbi ya AM inafaa kuliko vyombo vingi vya bei. Iweke mahali pasipo na stesheni, chini ya 1000 kHz, uizungushe nyumba nzima. Ikianza kunguruma au kulia karibu na taa, chaja au inveta, umempata. Ili kuthibitisha, zima saketi moja moja kwenye meinswichi huku redio ikiwa mkononi.

Mtuhumiwa ambaye hatiliwi shaka ni adapta ya ruta. Mjaribu hivi: chomoa adapta, endesha ruta kwa kile kiUPS kidogo cha DC kinachouzwa kwa ajili ya ruta, kikiwa kimechomolewa ukutani, urudie iperf3. Makosa yakikoma, nunua adapta nyingine ya volti zilezile na ampea zisizopungua. Soma kibandiko kwanza, kwani kuna ruta za 5 V na 9 V. Na usichomeke betri ya gari inayochajiwa moja kwa moja, maana inafika zaidi ya 14 V.

Taa ya LED inayonguruma badilisha, hairekebishiki kwa faida. Inveta zisizotoa wimbi laini la sine zinapiga kelele kwa asili yao. Zisogeze mbali na swichi ya mtandao, zipe soketi na njia yake. Kwa chaja na adapta ambazo huwezi kuziacha, pete ya feraiti ya kubana inasaidia: ibane kwenye waya wa umeme wa kifaa, karibu na kifaa chenyewe. Waya ukipita tundu mara tatu badala ya moja, kizuizi kinaongezeka hadi karibu mara tisa, kwa hiyo nunua yenye tundu kubwa. Pete hiyohiyo kwenye kebo ya mtandao inasaidia pia upande wa pili wa ugomvi, yaani kama ni mtandao wako unaoitia kelele redio ya jirani.

Soketi inayotatarika au kunuka moto usiiwekee pete. Izime mpaka fundi afike.

Ngao, na nyumba ya pili uani

Kebo yenye foili inafaa pale usipoweza kabisa kukimbia kelele, mathalan kebo inayopita mita nyingi kando ya nyaya za pampu kubwa. Inataka vichwa vya chuma, soketi za chuma, na swichi ya mtandao yenye waya wa ardhi. Ruta ya plastiki yenye adapta ya pini mbili haina ardhi yoyote, kwa hiyo ngao iliyochomekwa hapo inaelea, na ngao inayoelea ni waya mrefu wa kuokota kelele. Unganisha ngao na ardhi upande wa swichi kuu ya mtandao. Ukihisi kisisimko kidogo unapogusa kichwa cha chuma, ni umeme unaovuja kutoka kwenye adapta zisizo na ardhi. Ni dalili kwamba ngao haijafika ardhini.

Kati ya nyumba kubwa na ile ya uani, hasa kama kila moja ina mita yake ya umeme au fimbo yake ya ardhi, usipitishe shaba. Ardhi mbili hazina volti sawa, na ngao inayoziunganisha inabeba mkondo wake yenyewe. Radi ikipiga karibu, na wakazi wa pande za Ziwa Victoria wanajua inavyopiga, zile transfoma ndogo za kwenye matundu ya mtandao hujaribiwa kwa 1500 V tu. Pitisha faiba, uzi wa kioo unaobeba mwanga badala ya umeme. Unahitaji vigeuzi viwili vya faiba kwenda RJ45 vya gigabiti, vinavyouzwa kwa jozi ya A na B: kimoja kinatuma kwa mwanga wa 1310 nm na kupokea wa 1550, mwenzake kinyume chake. Ukinunua A mbili havitaongea. Uzi mmoja unatosha, na vile vilivyoandikwa kilomita 20 hufanya kazi hata kwa mita 40.

Kebo ya faiba ya kutundika huja na waya wa chuma pembeni wa kuishikilia. Huo uishie kwenye ndoano ukutani, nje. Ukate hapo, upitishe ndani uzi na ganda lake tu, kwa sababu chuma hicho kikiingia hadi kwenye kigeuzi umerudisha palepale ulichokikimbia.